Inchi Nne za Pikapu ya Kilema

Mwanaasha Abasi hamuulizi mwenye gari gari lake lina nini. Anazunguka nyuma, anachuchumaa, anagonga springi, yale majani ya chuma yaliyopangwa pamoja juu ya ekseli, kwa nyundo ndogo mara tatu, kisha anatega sikio. Springi nzima inalia kama kengele ya shule. Iliyopasuka inalia kama sufuria lenye ufa. Akishasikia ndipo anainua uso na kusema, "Jani la tatu, upande wa kushoto, limekatika kwenye nati ya kati. Ulibeba nini wewe, mawe ya msingi?" Na mwenye gari, ambaye kweli alibeba mawe ya msingi, anabaki ameduwaa.

Karakana yake iko Majengo, uchochoro wa pili nyuma ya msikiti, kati ya fundi majiko na mwanamke anayekaanga sambusa. Ni banda la mabati lenye tanuri la mkaa, fuawe iliyochongwa kutoka kipande cha reli, na lundo la springi chakavu lililoanza kukusanywa na baba yake, mzee Abasi, kabla Mwanaasha hajazaliwa. Mzee Abasi alijaliwa mabinti wanne, wa kiume hakupata hata mmoja. Watu wakamshauri atafute kijana wa kumrithisha kazi. Yeye akamkabidhi nyundo binti yake wa pili, wakati huo ana miaka kumi na minne, akamwambia apige pale chuma kilipo chekundu, siyo pale anapopataka yeye. Leo Mwanaasha ana miaka arobaini na sita. Anavaa ovaroli la bluu juu ya gauni, mtandio ameufunga nyuma ya shingo ili usishike moto, na mikono yake ina makovu madogo mengi kama nafaka zilizomwagika. Wapo mpaka leo wanaofika pale, wakamwona amekaa kwenye kigoda, wakauliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Huwajibu bila kuinuka, "Ametoka. Ameniachia mikono yake."

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mvua za masika zimeanza kushika, pikapu nyeupe ya zamani iliingia uchochoroni ikinguruma kama linavyonguruma gari lisilo na ekzosi. Dereva alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, kofia ameigeuza nyuma. Pembeni yake alikaa mama mnene wa makamo, kitenge kimefungwa kwa heshima, pochi ameishika mapajani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, fundi!" dereva alipiga kelele ili asikike.

"Marahaba. Zima hiyo kitu kwanza, sambusa za jirani zitaruka kwenye karai."

Yule mama alishuka akicheka. Aliitwa Margareta, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama thelathini na mmoja wa Kilema mlimani, kule juu ya kanisa. Dereva alikuwa Sirili, mtoto wa dada yake.

"Habari za mlimani, dada?" Mwanaasha aliuliza.

"Za mlimani njema, dada yangu. Mbaya ni za gari."

Akaeleza. Miaka yote dalali alikuwa akipita kwenye mageti yao, anautazama mkungu ungali mgombani, anautajia bei kwa jicho, na mama hana la kufanya, kwa sababu lori ni la dalali na barabara ni ya dalali. Wakachoka. Wakanunua pikapu hii kwa pamoja, na tangu hapo kila Alhamisi ndizi zao zinateremka zenyewe mpaka sokoni Moshi. Lakini kati ya vihamba vya juu, yaani mashamba yao ya migomba, na barabara kubwa kuna mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na mababu zao, unaokatiza njia. Kingo zake zimepangwa mawe, na mawe yale hayaguswi na mtu, maana maji yale yananywesha migomba ya koo saba. Kivuko kimeahidiwa katika kampeni tatu za uchaguzi, na ahadi haibebi gari. Kwa hiyo kila pikapu inapovuka imejaa, inakwangua mawe. Ekzosi imeng'oka mara mbili. Mwezi uliopita nusura ling'oke tangi la mafuta.

"Sasa kuna mtu wa Himo anaitaka," Margareta alisema, na sauti ikashuka. "Nusu ya akina mama wanasema tuuze. Jumapili baada ya misa tunakaa kikao. Kama gari halivuki, litauzwa, na Alhamisi inayofuata dalali atakuwa getini kwangu anatabasamu. Nisaidie, fundi. Hicho kitabasamu chake sikitaki tena."

Mwanaasha alichukua nyundo yake. Alikwenda nyuma, akagonga springi. Hazikulia kama kengele wala kama sufuria. Ziliguna tu, kama mzee anayeamshwa.

"Zimechoka," alisema. "Zimelala kabisa. Tunaipandisha."

Sirili alikuwa akisubiri neno hilo. Alitoa simu haraka, akamwonyesha picha ya pikapu nyeusi iliyosimama juu ya matairi makubwa kama mapipa, mtu aliyesimama kando yake anafika dirishani tu.

"Kama hii, fundi. Inchi sita. Hii hata mfongo wenyewe utaiogopa."

"Inapanda mlima gani hii?"

"Ni ya Dar."

"Dar kuna mlima gani?"

"Aa, fundi, ni staili."

"Staili haivuki mfereji, mwanangu. Matairi haya yatakula bodi kila ukikata kona. Na ukifika ule mteremko wa kanisani, gari refu namna hii na mikungu juu, litalala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba."

Simu ya Margareta ikaita, akatoka nje ya banda kuipokea. Mwanaasha akamweleza Sirili njia zilizopo. Kuna seti kamili ya dukani, springi mpya na shokapu ndefu, nzuri sana, ila imetengenezwa kwa watu wanaozunguka mbugani na hema juu ya paa, siyo kwa mikungu sitini. Kuna bloku, yaani vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli; kazi ya asubuhi moja, gari linapanda, lakini springi inabaki imechoka vilevile, ni kama kumvalisha mgonjwa viatu virefu. Na kuna njia ya moto: kuzitoa springi, kuziingiza tanurini jani kwa jani, kuzikunja upya, kuzirudishia nguvu zake.

"Nitakunja, nipate inchi mbili," aliamua. "Halafu nitaongeza bloku ya inchi mbili. Jumla nne. Inatosha. Lakini niambie kwanza, mnapakiaje?"

Sirili alijibu bila hata kupumua. "Kuna ukingo wa barabara, fundi, umeinuka hivi. Akina mama wanasimama juu yake, wanashusha tu."

Ukingo ulikuwepo kweli, ila kwenye kituo kimoja cha kupakia kati ya vitatu. Sirili alijua hivyo. Lakini moyo wake ulikuwa umeshapanda kwenye zile inchi nne na haukutaka kushuka. Mwanaasha naye, aliyeshika springi za watu miaka thelathini na miwili, hakuuliza mara ya pili.

Kazi ilichukua siku mbili, pamoja na kufunga ekzosi mpya. Jumatano mchana pikapu ilisimama uchochoroni ikiwa imenyanyuka, kifua mbele, na fundi majiko alitoka kuitazama, akasema sasa inafanana na gari la waziri. Sirili aliizunguka mara nne akiipiga picha. Jioni ile ile akamtumia Mwanaasha ujumbe wa sauti, maji ya mfongo yakisikika nyuma yake: "Fundi! Imepita! Haijagusa hata jani! Wewe ni injinia, fundi, wewe ni injinia!" Mwanaasha aliusikiliza mara mbili. Hakuona haya kufurahi. Anayefanya kazi vizuri ana haki ya kujisikia vizuri.

Alhamisi saa tatu asubuhi Margareta alipiga simu.

"Fundi, gari limetushinda."

"Limegusa?"

"Hatujafika hata huko kwenye kugusa. Limekuwa refu, hatuwezi kulipakia. Bibi Elisifa ameangusha mkungu, umepasuka barabarani. Wenzake wamerudi na mikungu yao nyumbani. Dalali amepita hapa sasa hivi, amesimamisha lori, ameangalia, hajasema neno. Amewasha gari akaenda zake anapiga mluzi."

Margareta akakata simu. Mwanaasha akamwandikia Sirili: kesho asubuhi njoo unichukue. Na usioshe gari.

Ijumaa walipanda pamoja. Baada ya kupita Uchira na kuanza kuukwea mlima, Sirili alijaribu kuzungumzia mvua, akajibiwa "Mm." Akajaribu kuzungumzia bei ya mafuta, akajibiwa "Mm." Walipofika mahali migomba inapofunga barabara pande zote mbili na hewa inapoanza kunukia udongo mbichi na maua ya kahawa, akashindwa.

"Fundi, ule ukingo..."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Kituo cha kwanza kilikuwa na ukingo. Cha pili na cha tatu barabara ilikuwa tambarare kama meza. Mwanaasha alimtazama kijana yule, naye akatazama usukani.

"Ulinidanganya."

"Nilidhani wangezoea."

"Na mimi nilikuamini bila kuja kuona. Wewe kosa lako la ujana. Langu ni la uzembe, na ndilo kubwa zaidi. Egesha."

Margareta alikuwa amewaomba akina mama waje na mikungu, siyo ya kuuza, ya kumwonyesha fundi tu. Walikuja wanane, mmoja mmoja, wakitokea kwenye vichochoro vya vihamba, ngata za majani makavu ya mgomba vichwani, na juu yake mikungu ya mshare, ndizi za kupika, iliyolala kama watoto waliosinzia. Hakuna aliyeushika mkungu wake kwa mkono. Mbele yao alitangulia ajuza mfupi, mkavu, miguu imepinda kidogo, hatua zake za haraka kuliko za wenzake wote. Huyo ndiye Bibi Elisifa, miaka sabini na minane.

"Shikamoo, bibi," Mwanaasha alisema.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyelivisha gari letu viatu vya harusi?"

Akina mama wakacheka, na mikungu haikutikisika.

"Ndiye mimi, bibi. Nimekuja nione unavyopakia."

"Utaona nisivyopakia."

Bibi Elisifa alisogea mpaka ubavuni mwa pikapu. Hapo Mwanaasha akaona kitu ambacho hakuna fundi wa Moshi aliyewahi kumwambia. Mama wa Kilema hainui mkungu kuuweka garini. Anausogelea ukingo wa bodi, anainamisha shingo, ncha ya mkungu inagusa ukingo, na mkungu wenyewe unateleza kutoka kichwani mpaka ndani, taratibu, bila kuchubuka. Shingo ndiyo winchi. Kwa gari la zamani, ukingo ulimfika bibi kidevuni. Sasa ulimfika kwenye nyusi. Alipoinamisha kichwa, paji lake liligonga bodi kabla mkungu haujagusa chochote. Alirudi nyuma hatua moja, akajaribu kwa upande, akagonga shavu.

"Bibi, lete nikupokee," Sirili aliruka.

"Unipokee nina nini? Ninaumwa?"

"Hapana, bibi, ila..."

"Toa mikono yako hapo! Siku utakayonipokea mkungu kichwani, uje na jeneza."

Margareta alimweleza Mwanaasha pembeni. Ni sheria ya kikundi. Ndizi ikichubuka inakuwa nyeusi kabla ya kufika sokoni, na mnunuzi anaikataa. Kwa hiyo kila mama anaweka mkungu wake mwenyewe, kwa kichwa chake mwenyewe, ili asiwepo wa kumlaumu mwenzake. Na wakubwa wanapakia kwanza. Ndiyo heshima, na pia ndizi za kwanza zinalala chini, kwenye majani laini.

Mwanaasha alisimama akiwaza kwa sauti. "Wakubwa kwanza. Yaani wafupi na wazee wanapakia gari likiwa tupu."

"Ee. Ndiyo."

"Na gari likiwa tupu ndipo liko juu kuliko saa nyingine yote."

Margareta alimtazama. Kisha akalitazama gari.

"Dada, nimewakosea," Mwanaasha alisema, sasa kwa sauti ambayo wote wanane waliisikia. "Nilipima gari. Nilipima na mfereji, kwa maneno ya Sirili. Sikuwapima ninyi, na gari ni lenu. Naomba niwapime."

Wakatazamana. Kupimwa? Mmoja akauliza kama wanashonewa sare. Lakini Bibi Elisifa alishatua mkungu wake chini, akasimama kando ya bodi akiwa amejinyoosha kama askari. Mwanaasha akachora mstari wa chaki usawa wa kidevu chake. Kisha wa pili, kisha wa tatu, vicheko vikipanda kila mtu alipogundua mwenzake ni mfupi kuliko anavyojisifu. Mstari wa chini kabisa ulibaki wa Bibi Elisifa, na Mwanaasha akaupima urefu wake kutoka ardhini kwa futi kamba.

"Huu ndio urefu wa gari," Mwanaasha alisema, akiugonga kwa chaki. "Siyo wangu, siyo wa Sirili. Huu."

"Likirudi hapo litagonga mfongo, fundi," Sirili alisema kwa unyonge. "Ndiyo maana tulikuja kwako."

"Twende mfongoni. Pakieni yote mliyonayo, na mawe kando yake mpaka lifike mzigo wa Alhamisi. Safari hii mpokeane, dhambi ni yangu."

Mfongoni Mwanaasha alilala kifudifudi kwenye tope, ovaroli lote, akatazama chini ya gari lililojaa likivuka polepole. Alichokiona kilimfanya acheke peke yake. Zile springi alizozikunja kwa ustadi wake wote zilikuwa zimekubali mzigo na kulala karibu nusu. Na kilichokuwa kikikaribia mawe hakikuwa tumbo lote la gari. Kilikuwa tairi la akiba, lililoning'inia chini ya mkia, na bomba la ekzosi lililopitishwa kando yake. Siku zote watu hawa walihangaika kuinua gari zima kwa sababu ya kitu kimoja kilichotundikwa mahali pabaya, na springi inayoporomoka wakati ule hasa inapohitajika kusimama.

Aliinuka, tope kifuani.

"Gari lisipande likiwa tupu," alisema, "na lisishuke likijaa. Hiyo ndiyo kazi. Kupandisha tu anaweza mtu yeyote."

"Inawezekana hiyo?" Margareta aliuliza.

"Marehemu baba aliwatengenezea hivyo watu wa malori ya mbao. Inawezekana. Kesho jioni litakuwa tayari, Jumapili nitakuja nalo mwenyewe. Usiwaambie wauze, usiwaambie wasiuze. Waambie waje na mikungu."

Jumamosi tanuri liliwashwa kabla chai haijaiva. Mwanaasha alitoa bloku zote mbili, akazitupa kwenye lundo. Springi akazirudisha kwenye mkunjo wa kawaida, wenye afya. Kisha akapanda juu ya lundo la baba yake, akachagua jani nene la lori, pana kama kiganja, akalikata mawili, akalipasha moto mpaka likawa na rangi ya chungwa bivu, akalipiga kwenye fuawe lisiwe na mkunjo, linyooke kama rula. Akalizamisha kwenye oili chafu, moshi ukajaa uchochoro mzima, na mama wa sambusa akamtukana kwa mapenzi. Sirili alikuwa akishika koleo. Hakuitwa kuja, alikuja mwenyewe.

"Hili jani halina mkunjo, fundi. Linafanya nini?"

"Linasubiri. Linakaa chini ya wenzake halijagusana nao. Gari likiwa tupu, halipo, ni kama halikufungwa. Mzigo ukiingia, majani ya juu yanashuka, yanalikuta limesimama. Hapo yanaambiwa, basi, mwisho hapa."

Sirili alilitazama lile pande la chuma likipoa. Alikuwa amesoma magari miaka miwili chuoni na hakuna mahali alipofundishwa kumpima bibi kidevu. Na kwa kweli hilo ndilo linalotusumbua katika nchi hii, tunapima barabara, tunapima madaraja, tunapima magari, na mtu atakayevitumia tunamkadiria tukiwa mbali, kisha tunashangaa kwa nini hakushukuru.

Tairi la akiba likahamia nyuma ya kichwa cha gari, likafungwa wima kwa mkanda wa chuma. Ekzosi ikapandishwa, ikafungwa juu ya ekseli. Ilipofika alasiri Mwanaasha alipima ukingo wa bodi kutoka chini. Ulikuwa juu ya kipimo cha kidevu cha Bibi Elisifa kwa vidole viwili. Akafungua nati, akasogeza, akafunga tena. Kikabaki kidole kimoja, akasema hicho springi zitakila zenyewe zikishatulia.

Jumapili baada ya misa akina mama wote thelathini na mmoja walikuwa pale kituo cha tatu, penye barabara tambarare. Walikuwa wamebadilisha nguo za kanisani. Sasa walisimama na vitenge vya kazi, na mikungu imepangwa kando ya barabara. Waliotaka kuuza walisimama upande mmoja, wasiotaka upande mwingine, bila mtu kuwaambia wajigawe. Mwanaasha alitoa mkono kwa kila mmoja wa pande zote mbili. Kisha akasimama mbali na gari, mikono ameiweka nyuma.

"Sisemi kitu," alisema. "Pakieni."

Bibi Elisifa alijitwisha, akatembea na hatua zake za haraka mpaka ubavuni. Wenzake wakasogea karibu. Akainamisha shingo. Ncha ya mkungu ikagusa ukingo, ikashika, na mshare ule ukateleza kutoka kichwani mwake ukaingia ndani ukalala kwenye majani bila sauti. Alibaki ameinama kidogo, kana kwamba anasikiliza. Kisha akajinyoosha.

"Mwingine!" alisema kwa ukali. "Mnasubiri nini, mvua?"

Wakaja, wazee, kisha wa makamo, kisha mabinti warefu ambao hata gari la waziri wangelipakia. Kila mkungu ulipoingia Mwanaasha alitazama nyuma ya gari likishuka, likishuka, mpaka wa thelathini na nane. Baada ya hapo halikushuka tena. Lile jani lilikuwa limekutana na wenzake. Mikungu sitini ikaingia.

"Hapo ndipo mwisho," Mwanaasha alisema. "Sitini. Sirili, nakuangalia wewe. Siyo sitini na tano kwa sababu mtu ni shangazi yako."

"Nimesikia, fundi."

"Umesikia au umeelewa?"

"Vyote viwili."

Waliandamana na gari mpaka mfongoni, wote, wengine wakikimbia mbele. Sirili aliingiza gia ya kwanza, akateremka taratibu, matairi ya mbele yakagawa maji, yakapanda. Yakaja ya nyuma. Margareta alifumba macho. Mwanaasha hakufumba. Alishachuchumaa kwenye tope lile lile, shavu karibu na ardhi, akiangalia nafasi kati ya mkia wa gari na jiwe la juu kabisa. Mwanga ulipita hapo, mweupe, mpana kama vidole vinne, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Maji ya mfongo yaliendelea kwenda zake kwenye migomba.

Hakuna aliyepiga makofi. Walianza kusema wote kwa pamoja, kwa Kichagga na Kiswahili, kila mmoja akimweleza mwenzake alichokiona kana kwamba mwenzake hakuwepo. Margareta alipiga filimbi ya mdomo kuwanyamazisha.

"Kikao kimefunguliwa," alisema. "Ajenda ni moja. Anayetaka tuuze gari, anyooshe mkono, aseme sababu zake, tutamsikiliza."

Wakatazamana. Mama mmoja wa ule upande wa kuuza, mrefu, mwenye sauti nzito, alinyoosha mkono. Watu wakageuka.

"Mimi sisemi la kuuza," alisema. "Nauliza, hii mikungu sitini iliyomo humu ndani, leo ni Jumapili. Inakwenda wapi?"

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, kikamfikia Margareta mwenyewe mpaka akashika magoti. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo.

"Kuna soko Moshi kila siku," Mwanaasha alisema, akijipangusa tope kwa kitambaa. "Na mimi narudi Majengo. Gari halina haja ya kushuka tupu."

"Basi nenda, Sirili," Bibi Elisifa alisema. "Na polepole pale kanisani. Ndizi zangu ziko chini kabisa, nikisikia zimechubuka nitajua ni wewe."

Sirili alifunga mlango wa nyuma, akaujaribu mara mbili. Mwanaasha akapanda mbele, akakaa pembeni yake, na pikapu ikaanza kuteremka kati ya migomba, imejaa, mkia wake umesimama. Nyuma yao Margareta alikuwa bado anasimamia kikao. Mkono mwingine haukunyooshwa.